Mkate Ulioshikana

Dada yangu alianza kuoka mikate ya kuuza kabla mimi sijaolewa, na mtaa mzima ulimwita Mama Mikate. Mdomo anao pia. Ukimwambia mkate wa leo haukuumuka, atakuuliza wewe uliumuka lini. Basi mjukuu wake wa pekee, binti aliyeanza shule juzi, alipoambiwa hospitali kwamba ngano inamchubua utumbo na asiiguse hata chembe maisha yake yote, dada alicheka. "Unga ni unga tu," alisema. "Nitamwokea mwenyewe."

Unga wa mchele ukamuumbua. Ngano ina mnato wake wa kuzaliwa, mchele hauna. Mkate wa kwanza ulimomonyoka kabla ya kufika kwenye sahani, tukaula kwa vijiko. Akachanganya na unga wa muhogo. Akaloweka mbegu za kitani zilizosagwa, zikatoa ute kama wa bamia, akakandia huo. Ute ukipungua, mkate ulivunjika; ukizidi, mkate ulilala ndani ya kopo, na kuutafuna ni sawa na kutafuna ndala. Majaribio yote nililishwa mimi, na nilinung'unika kweli.

Siku moja donge likashikana. Dada akaimba kwa furaha, na huku anaimba, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye debe la ngano ya wateja, ukachota, ukanyunyiza mezani ili donge lisigande. Mazoea yana taabu. Mimi sikuona, na yeye hakujiona. Mtoto alikula, akasifu, na jioni alitapika hadi akalegea.

Kesho yake mkwewe, mama wa mtoto, akaja jikoni. "Mama, huu weupe mezani ni nini?"

Dada akatazama meza, kisha mkono wake.

Mkwewe hakumtukana, na laiti angemtukana. Alisema tu, "Njoo kwetu wakati wowote, Mama, ila chakula usilete." Mwana wa dada wa kumzaa, baba wa mtoto, aliyekuja na mkewe, alitazama sakafu. Siwezi kumlaumu yule mwanamke, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Dada akagawa ngano yote, akaacha biashara iliyomlea, akanunua meza mpya na makopo mapya. Akaoka tena na tena, mpaka mkate ukakatika vipande vyembamba bila kuvunjika. Tukaupeleka.

Mtoto alitupokea mlangoni, akashika kipande, akakinusa. "Bibi, ulinawa?"

"Nilinawa, mjukuu wangu. Ngano haipo tena nyumbani kwangu."

Mtoto akamtazama mama yake. Machozi yalimlenga mama, lakini akatikisa kichwa kukataa.

Mtoto akakirudisha kipande mkononi mwa bibi yake, polepole. "Basi kula wewe, Bibi. Mimi nitakuangalia."

Dada akala, amesimama palepale.

"Ni mtamu?"

"Mtamu, mjukuu wangu," alisema, na akashindwa kumeza.