Salamu kwa Wakili Msomi

Vijana wanaoniletea kesi za kompyuta inayoiga sauti za watu huniita bingwa wa hakimiliki, nami nakubali kimya kimya, maana wakienda Bariadi, nilikoanzia kazi, wataambiwa mengine, na aibu yenyewe nilijitafutia.

Soko huria lilikuwa ndiyo kwanza limefunguka, redio za kaseti mbili zimejaa mjini, kila mwenye kibanda anarudufu nyimbo za watu. Mimi (wakili mpya, kichwa kimenivimba) nilikuwa namtetea Mama Kabula, manju wa ngoma kutoka Sapiwi, ambaye nyimbo zake ziliuzwa na Masanja, mwenye kibanda cha kaseti, mpaka Lalago bila yeye kupata hata asante. Alinikabidhi kaseti yake ya asili, ushahidi wetu pekee. Nami, badala ya kuifungia kabatini, nikaicheza kwenye gari, nikiimba, mpaka redio ikaanza kuutafuna utepe.

Nikakimbilia kibanda cha stendi wanirudufie kabla haijaharibika kabisa. Dada wa pale akauliza mteja ni nani, nikajibu kwa maringo, wakili msomi. Nakala ilipokamilika tu, ya asili ikakatika palepale. Nikajisemea wimbo si ni uleule, nikaitia nakala kwenye kava la asili, nikanyamaza.

Mahakamani nikasimama na joho langu. “Mheshimiwa, hii haijaguswa na mtu.” Nikabonyeza. Mama Kabula akaimba, watu wakatikisa vichwa, kisha ngoma zikafifia na yule dada akasikika waziwazi:

“Salamu nyingi kwa mteja wetu, wakili msomi. Karibu tena kwa Masanja, tawi la stendi.”

(Kumbe Masanja, yule yule tuliyemshtaki, alikuwa amefungua kibanda cha pili.) Hata karani alicheka. Hakimu akaikataa kaseti, kesi ikafutwa, nami nikatamani sakafu inimeze. Nje Mama Kabula hakunigombeza, alisema tu, “Baba, umeniuza.” Iliniuma kuliko kicheko chote.

Baada ya mavuno akanitungia wimbo, ukavuma mpaka Lagangabilili, watoto wakawa wananiimbia njiani. Siku moja akaja ofisini na kaseti mkononi, akanisalimu kwa Kisukuma.

“Ng'wangaluka, baba. Ule wimbo wako nao Masanja anaurudufu. Utanitetea?”

Ningekataaje? Safari hii kaseti niliifungia kabatini na sikuigusa mpaka siku ya kesi. Ilichezwa mahakamani beti zote, jina langu likitajwa katika kila kiitikio, hakimu akiandika na mimi nimesimama wima. Tulishinda.