Dada Nafula, aliyemkimbiza jogoo wetu kule Mundika

Kuna kitu sijawahi kuambia mtu, hata mama, na yule niliyepaswa kumwambia ameondoka.

Jana nilisoma kwa group ya mtaa kwamba Dada Nafula amefariki, ajali ya pikipiki huko Malaba. Nikajiambia ni Nafula mwingine. Kisha wakaweka picha. Ni yeye, na ile cooler yake ya buluu ya kubebea sampuli mapajani. Mpaka sasa akili yangu imekataa.

Kwa wale hamkumjua: alikuwa anafanya utafiti wake wa kwanza, wa masters. Alizunguka Mundika nyumba kwa nyumba akiomba watu mavi. Ndiyo, mavi. Kwa kikopo. Alitaka kujua bakteria wanaoishi tumboni mwetu, na kwa nini dawa zingine haziwaui tena.

Siku ya kwanza mama alimpima kwa macho, juu hadi chini. "Na hii umeenda university kusomea?"

"Ni masters, mama."

"Masters ya choo! Woi!"

Dada Nafula alicheka kutushinda sote.

Mimi na wageni hatuongei. Hakunilazimisha. Aliketi jikoni, akamenya mihogo na sisi, akaniambia tumbo ni kama soko la Busia. "Wengi humo ni watu wazuri, kila mtu na kazi yake. Ukifukuza wote ovyo, wakorofi ndio hurudi kwanza. Na wanachukua vibanda vyote."

Halafu akafungua fomu, mama akiwa hapo kando. "Miezi mitatu iliyopita, umemeza antibiotic yoyote?"

Nikasema hapana.

Nilikuwa nimemeza. Nikiambiwa nisimame mbele ya darasa, tumbo langu huharibika. Desk mate wangu alinionyesha rangi mbili, zile capsule za antibiotic zinauzwa moja moja kwa kibanda. Mbili kabla ya presentation, mbili baadaye. Muhula mzima. Nilikuwa nazificha ndani ya soksi.

Baada ya wiki kadhaa alirudi kwa follow-up, amekunja uso. "Namba kumi na saba, unanisumbua," akaniambia, akisoma namba ya kikopo changu. "Dawa humezi, lakini bakteria wako wameizoea kama chai." Akawaza. Akaangalia nje. "Ama ni kuku, wanaopewa dawa kwa chakula?"

Jamani! Alimkimbiza jogoo wetu kuzunguka choo mara tatu, gloves mkononi, mama nyuma yake akipiga kelele, "Daktari, kwani kuku yangu imekukosea nini?"

"Nataka mavi tu, mama, si supu!"

Majirani walikuja kuangalia. Nilicheka mpaka machozi, huku nikijua jogoo anasingiziwa.

Nafikiri alishuku. Akiondoka aliniita kando ya ua. "Ukikumbuka kitu chochote, nitumie message. Sitauliza kwa nini. Jibu la kweli linanifaa, hata likiwa la aibu."

Hakuna mtu mkubwa alikuwa ameongea na mimi hivyo.

Message niliandika. "Dada, nilidanganya." Nikasema nitaituma exam zikiisha. Exam ziliisha. Nikasema Jumatatu.

Bado iko kwa drafts.

Leo asubuhi nimempata mwenzake wa lab, yule atamalizia kazi yake. Nimetuma: namba kumi na saba, ile ya antibiotic, badilisha, jibu ni ndiyo. Akanijibu asante, akaniuliza kama mama anajua.

Hajui.

Nasikia ndala zake zikikuja huku mlangoni. Siku nyingine ningegeuza simu kifudifudi nijifanye nasoma. Leo nimeiacha juu ya meza, imewaka, maneno haya yote yako hapo. Asome kabla yenu.

Dada Nafula, umenisubiri sana. Nimekumbuka sasa.

Lala salama, dada yangu. Jogoo hana hatia.