Kitabu cha historia ya Marekani kimemlaza binti yangu sakafuni, na neno alilitoa kwangu

Wakuu, habari za huko.

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Chumvi sijaongeza hata punje.

Nipo Toronto, Crescent Town, maghorofa yaliyojaa wageni wa kila kona ya dunia. Nimezunguka sana kabla ya hapa: Bagamoyo nilikozaliwa, Dar, Nairobi, Durban. Elimu yangu ni form four. Nina binti mmoja, Neema, miaka kumi. Kiswahili anakielewa chote, ila anakujibu kwa Kiingereza.

Akitoka shule anakaa kwenye klabu ya watoto hapa hapa kwetu mpaka nitoke kazini. Anayeiendesha ni mama mmoja mstaafu, anajitolea, watoto wanamwita Miss Carol.

Kuna mtu aliwapa boksi la vitabu. Historia ya Marekani kwa watoto, kila sura ina kazi ya mikono. Tuko Canada, lakini haya.

Mwanzoni nilivipenda, niwe mkweli. Neema alirudi na siagi aliyoitengeneza kwa kutikisa krimu kwenye chupa ya jamu. Wiki nyingine kofia ya pembe tatu. Nyingine mshumaa. Nikawaza, laiti na sisi tungesoma hivi badala ya kukariri ubaoni.

Alhamisi moja nikaenda kumchukua.

Namkuta mwanangu amelala chali sakafuni, mikono ameibana ubavuni, ndani ya mstatili mwembamba kama jeneza, uliobandikwa kwa utepe wa gundi, masking tape. Wenzake wamepiga magoti pembeni na rula, wanampima. Kifuani ana kadi, wino wa zambarau, mwandiko wake mzuri kabisa:

MTUMWA.

Sura ya utumwa, wakuu. Kazi ya mikono: pima nafasi aliyopewa mtu mmoja ndani ya meli, kisha ulale uone ilivyokuwa.

Sura ya siagi unatikisa chupa. Sura ya utumwa unalaza mtoto. Aliyeandika aliona ni mambo ya aina moja!

Na chumba kizima mtoto mweusi ni mmoja, na ndiye aliyelala.

Nililipuka. "Inuka! Inuka hapo sasa hivi!" Kadi nikaichana vipande.

Miss Carol uso umemwiva, ananiambia Neema aliinua mkono mwenyewe, tena wa kwanza.

Nikamwita mwongo. Mbele ya watoto.

Kwenye lifti Neema analia. Nikamuuliza, "Nani kakwambia ulale pale?"

"Nobody. I put my hand up."

"Kwa nini, mama?"

"Because it's my word, Baba. You tuma me every day. I'm the best at it."

Mlango wa lifti ulifunguka ghorofa yetu, ukajifunga tena, mimi nimesimama tu.

Kumbe kila mtoto aliambiwa aandike neno la sura ile kwa lugha ya nyumbani kwao. Neema akatafuta kwenye kompyuta, akapata "mtumwa". Akaona "tuma" imekaa humo ndani. Akawatangazia wenzake kwa maringo: ni mtu anayetumwa, na kwetu anayetumwa ni mimi.

Sasa hapa niwakumbushe kitu. Sisi tulikua tunatumwa na mtaa mzima. Mama anatema mate chini, anakwambia urudi kabla hayajakauka, na wewe unakata upepo! Ukisifiwa kwamba huyu ukimtuma anakwenda, siku nzima unatembea kifua mbele.

Hilo ndilo nililomrithisha binti yangu. Mate huku siwezi, kwa hiyo nilikuwa napuliza pumzi kwenye kioo cha dirisha la jikoni, ule ukungu ndio mate yetu. "Neema, maziwa dukani hapo chini, urudi kabla hayajakauka." Anarudi anahema, anacheka.

Nimemsimulia Bagamoyo yote. Pweza, mpira wa makaratasi, walimu wetu. Watu waliopitishwa pale kwa minyororo sikumsimulia. Nilisema akikua. Kitabu cha watu wengine kikaniwahi.

Jioni ile nikamweleza maana ya neno. Nilieleza vibaya, kwa hasira, sauti juu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "So why do you do it to me?"

Tangu hapo hatumwi. Ukimtajia duka tu: "I'm not your mtumwa." Hata shikamoo, neno pekee la Kiswahili alilokuwa hakosi kuniambia kila asubuhi, ikaisha.

Nilirudi kwa Miss Carol. Nikamwomba radhi kwa kumwita mwongo, maana hakusema uongo. Ila la kitabu sikurudi nyuma. Nikamuuliza, "Kuna kazi ya mikono ya mwenye meli humo?" Akafunua kurasa, akafunua tena. Akafunga kitabu.

Juzi Jumamosi maziwa yameisha. Nimekaa, sithubutu kusema. Neema akaja jikoni, akasogelea dirisha, akapuliza kioo chote mpaka kikawa cheupe.

"Baba. Nenda wewe. Urudi kabla hayajakauka."

Kwa Kiswahili, wakuu. Mwanzo mpaka mwisho.

Nilishuka kwa ngazi, lifti niliona itanichelewesha. Nimerudi kioo kimeshakauka. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Umechelewa," akachukua maziwa.

Nilichojifunza: usipomwambia mwanao habari zako mwenyewe, atakuja mtu na rula amwambie. Na kitabu kile hasira yangu nacho haijapoa. Niliwaandikia wanaosimamia klabu, nasubiri.

Wenye watoto ugenini, nyie neno hili mliwaelezaje? Na mkiwatuma, mnatumia neno gani? Wanaotaka kuniambia nilizidisha, karibuni pia, uwanja ni wenu.