Ng'ombe Niliyempa Tatu

Somo la kuchora nilipewa kwa sababu ya mwandiko wangu. Mwalimu mkuu aliona ninavyoandika ubaoni, akasema mwenye mkono kama huo hawezi kushindwa kuchora. Alikosea. Mimi ni mzaliwa wa ukingoni mwa ziwa. Samaki namchora vizuri tu. Ukiniomba kitu chenye miguu, hapo ndipo aibu huanza.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, katika shule moja ya Nyakahura. Darasa la pili lilijaa hadi mlangoni: watoto wa wenyeji, wa Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na wa familia zilizovuka mpaka zikafikia kwa ndugu. Rangi hatukuwa nazo. Tulichora kwa mkaa, udongo mwekundu na majani ya maharage, juu ya vipande vya maboksi ya biskuti za msaada.

Siku moja niliwaambia wachore chochote cha nyumbani. Binti mmoja aliyekuja na babu yake kutoka Burundi, mpole, asiyesema hata akikanyagwa, alichora ng'ombe. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Nami, bingwa wa samaki, nikatoa kalamu nyekundu, nikapiga X kubwa tumboni mwa ng'ombe na kuandika: Pembe zimezidi. Tatu juu ya kumi.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Nilipowauliza wenzake, mmoja akasema anachunga mbuzi wa jirani na harudi tena shule. Roho iliniuma, maana katika darasa lile zima ndiye peke yake aliyechora kwa kupenda.

Ijumaa babu yake akaja mwenyewe, na kofia yake na fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakakaribia kidevu. Alinieleza kwa upole uliotisha. Kwao, mtu akikuheshimu kuliko wote hukupa ng'ombe. Wa kwao walibaki ng'ambo wakati wa kukimbia. Familia nzima ilibakiwa na yule wa kwenye boksi. Na pembe zake zilikuwa ndefu vilevile, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia mtoto.

"Mwarimu," akasema, "umeshamtia chapa tumboni, kwa hiyo ni wako. Lakini hujashukuru."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwuliza mtu hushukuruje. Akasema unasimama mbele za watu, unapiga makofi, unamsifu ng'ombe kwa sauti. Kisha siku moja unarudisha ndama wake. Basi nikasimama mbele ya darasa la pili nikamsifu, nikianza na pembe. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, akaona nalipigia boksi makofi, akarudi ofisini bila kuuliza.

Ndama ndiye aliyenitoa jasho. Nilimchora mapumziko yote, watoto wamenizunguka wakinishauri. Mmoja wa Kisukuma, aliyezaliwa katikati ya ng'ombe, aliniuliza kwa heshima zote kama huyo ni mbwa. Babu alimpokea kwa mikono miwili, akawa analigeuza boksi huku na huku akitafuta kichwa.

"Amezaliwa mnyonge," akasema mwishowe. "Lakini mtoto atamrea."

Jumatatu binti alikuwa wa kwanza mlangoni, ndama mkononi. Alikuwa ameifuta miguu niliyochora mimi na kuweka mingine, minne kamili, inayofika chini.

"Babu anasema sasa amesimama," akaniambia. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho, na nilifurahi. Nikampa ile kalamu nyekundu anisahihishie na mimi. Alifikiri sana, akaniandikia nne juu ya kumi.

Nikapiga makofi, nikashukuru kwa sauti.