Nukta ya Sekela

Kwenye meli ile tulikuwa wanawake wawili tu, kwa hiyo tulipewa chumba kimoja. Mimi ni mtoto wa Mtoni, nimezaliwa nikisikia harufu ya maji ya chumvi, lakini sikuwahi kulala juu ya bahari. Sekela alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, amekulia milimani kwenye mashamba ya chai, na bahari aliiona alipokuja kusoma chuo kikuu. Ajabu ni kwamba mimi ndiye niliyetapika, na yeye ndiye aliyenishikia ndoo.

Yeye alikuwa mjiolojia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora ramani. Siku nilipoweza kukaa kitandani bila kizunguzungu nilimuuliza hasa tunatafuta nini huko, maana ofisini tulikuwa tumepewa maneno mengi ya kisheria na mimi niliyaandika bila kuyaelewa.

"Unafikiri nchi inaishia wapi?" aliniuliza.

"Si pale mchanga unapoishia?"

Alicheka. Akachukua taulo, akalitandika kitandani, upande mmoja akauacha uning'inie. "Hapa juu ndipo tunapoishi. Bara halikomi ufukweni, linaendelea chini ya maji, kisha linateremka hivi, mpaka linakutana na sakafu ya kina kirefu. Maili mia mbili za mwanzo kila nchi ya pwani inapewa, haiulizwi kitu. Lakini kama ardhi yake inaendelea kupita hapo, inaweza kudai zaidi. Ila ithibitishe."

Kuthibitisha ndiko kulikotupeleka. Ilikuwa lazima tutafute mahali mteremko unapokoma, wenyewe wanapaita mguu wa mteremko. Kutoka hapo unakwenda maili sitini mbele, unaweka nukta. Au unapima mashapo, yaani tope na mchanga ambao mito kama Rufiji imekuwa ikiushusha tangu kabla ya mtu yeyote kuzaliwa, na pale ambapo bado ni manene vya kutosha unaweza kwenda mbele zaidi. Nukta hizo zinaunganishwa kwa mstari, na mstari unapelekwa New York kwa tume ya wataalamu wanaoukagua kabla nchi haijautangaza kuwa mpaka wake wa mwisho. Kulikuwa na tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi, na sisi tulikuwa tumechelewa.

Nyumbani kwake Boko, Sekela alikuwa ameacha mume na mtoto. Mume, Fredrick, alikuwa mwalimu wa jiografia sekondari kule Bunju. Mtoto aliitwa Bupe, na alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la pili. Sekela alinionyesha picha yake: kichwa kikubwa kidogo, macho ya njano, mdomo wazi kwa kicheko, meno mawili ya mbele hayapo.

"Alikuwa mzima nilipoondoka," aliniambia. "Miezi mingi hajalazwa. Nisingeondoka vinginevyo." Alilisema hilo mara kadhaa katika siku zile za mwanzo, bila mimi kumuuliza.

Simu ya kwanza ilikuja mchana, tukiwa tumepita mbali ile alama ya maili mia mbili. Meli ilikuwa inavuta nyuma yake waya mrefu wa kunasa sauti, na kila baada ya muda mfupi mizinga ya hewa ililipuka ndani ya maji, mshindo ukashuka mpaka chini ya tope na kurudi. Tulikuwa katikati ya mstari wa mwisho wa upimaji, ule ambao Sekela mwenyewe aliupigania kwenye vikao. Alikuwa anaamini kwamba huko ndiko mashapo yanakofika mbali kuliko kwingine.

Tulipanda wote wawili kwenye chumba cha nahodha, kwenye simu ya setilaiti. Sauti ya Fredrick ilikuwa inakatika.

"Bupe kalazwa tangu jana usiku. Mifupa inamuuma, na sasa kifua."

"Daktari anasemaje?"

"Wamemwongezea damu. Wanasema kwa sasa ametulia. Lakini anakuita, mama Bupe. Hajaacha kukuita."

Sekela aliweka simu chini akamgeukia Mzee Marijani, kiongozi wetu, mtu wa Tanga mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akituita sote wanangu.

"Helikopta haifiki huku," alisema Mzee Marijani kabla hajaulizwa. "Ni meli tu. Safari ya siku mbili, pengine zaidi kidogo."

"Tukimaliza mstari kwanza?"

"Mpaka keshokutwa jioni, halafu ndiyo turudi. Sikiliza mwanangu. Ukisema tugeuze, tunageuza sasa hivi. Hakuna atakayekulaumu."

"Na tukigeuza, tutarudi tena huku?"

Alitazama madirishani. "Meli ina watu wengine wanaoisubiri. Hatutarudi."

Niliwahi kusikia watu wakisema Sekela alichagua kazi. Hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nilimshika mkono. Alikuwa anapiga hesabu kama mama yeyote mwenye mtoto wa aina ile anavyopiga: mara ngapi Bupe amelazwa, mara ngapi ametulia akiongezewa damu, mara ngapi amerudi nyumbani akidai chipsi. Kila mara alikuwa amerudi. Sekela alichukua tena simu.

"Mwambie mama anamaliza kazi keshokutwa, kisha anakuja moja kwa moja. Mwambie nakuja."

"Haya," alisema Fredrick. Hakubishana naye, na naamini hilo limemtesa maisha yake yote.

Tulimaliza mstari. Kwenye skrini matabaka ya mashapo yalijitokeza mazuri, moja juu ya jingine, yakaenda mbali kuliko hata yeye alivyotabiri. Wanaume walipiga makofi. Sekela aliandika namba za nukta ya mwisho kwa mkono uliotulia, akasema, "Sasa tugeuze." Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kukunja waya simu ya pili ilipoingia. Mzee Marijani ndiye aliyeipokea. Alipotoka nje alikuwa amevua kofia yake, na Sekela alipomwona bila kofia alikaa chini palepale kwenye sakafu ya chuma, akasema, "Hapana. Hapana, mzee. Nimemwambia nakuja."

Siku zile mbili za kurudi sitazieleza sana. Alikuwa hali, hasemi. Alisimama mbele kabisa ya meli kana kwamba kwa kusimama hapo angefika mapema. Fredrick alikataa kuzika mpaka mama afike, ingawa wakubwa wa ukoo walikuwa wanalalamika. Bandarini tulipokelewa na gari la ofisi, likampeleka moja kwa moja chumba cha maiti. Mimi nilibaki nje na Fredrick. Nilimwambia, "Shemeji, pole," akaitikia, "Asante, shemeji," kisha akaniuliza kama bahari ilikuwa shwari. Mpaka leo sijui kwa nini alitaka kujua.

Walimzika Bupe hukohuko Boko.

Maombi ya nchi yalipelekwa New York ndani ya muda, na ramani yake niliichora mimi. Kwenye mstari ule wa nje kulikuwa na nukta nyingi, na ile iliyochomoza mbali zaidi upande wake ilikuwa ya Sekela. Tulidhani tutaitwa mwaka ule au unaofuata. Hatukujua foleni ilivyo. Nchi zilikuwa nyingi na wataalamu wa tume ni wachache, kila faili linakaguliwa kwa miaka. Mzee Marijani alistaafu, akarudi Tanga, akafariki tukiwa bado kwenye foleni. Wengine walihamishwa. Sekela alibaki, na mimi nilibaki.

Hakuzaa tena. Alijua yeye na Fredrick wote wana vinasaba vile, na alisema hawezi kumwita mtoto mwingine duniani aje aumwe. Ofisini alikuwa mpole kupita kiasi, isipokuwa jambo moja. Ukisema mtoto wako ana homa, atakufukuza urudi nyumbani. Kuna siku kijana mmoja wa kompyuta alimjibu, "Ni homa tu, mama, ngoja nimalizie hii." Sekela alimpigia kelele mpaka watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza kuna nini. Yule kijana alikimbia bila hata kuzima kompyuta yake. Mwanaye alikuwa na mafua.

Miaka ilivyokwenda, zamu yetu ilianza kukaribia, ikabidi tuyapitie upya mahesabu yote, maana tume itauliza, na wanaouliza ni watu wanaojua. Tukaletewa Mudathir, kijana mwenye akili sana, aliyesomea mambo hayo nje. Pia tukapata vipimo vipya ambavyo hatukuwa navyo zamani, vya watafutaji wa gesi waliokuwa wamepita kwenye maji yaleyale na vyombo bora kuliko vyetu.

Mudathir alituita chumba cha mikutano siku ya Jumanne. Alikuwa na furaha. Alionyesha ramani ukutani kwa projekta.

"Habari njema," alisema. "Huku kusini na huku kaskazini mguu wa mteremko uko mbali zaidi ya tulivyodhani. Ukihesabu maili sitini kutoka hapa na hapa, mstari wote unasogea nje. Nchi inapata zaidi."

Watu walianza kunong'ona kwa furaha. Mimi nilikuwa naangalia sehemu moja tu. Mstari mpya ulipita mbele ya nukta ya Sekela na kuiacha ndani, kama mtu aliyeachwa ndani ya uzio.

"Na hii je?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Hiyo haina kazi tena, dada Najma. Mstari wa upimaji ule hatuuhitaji kabisa. Kusema kweli hata bila vipimo vipya, nimejaribu, zile nukta za jirani zingetosha karibu sawasawa. Tofauti ni ndogo sana. Na data zake zina kelele, yaani haziko safi, tume ingetusumbua bure. Mie napendekeza tuutoe kwenye faili."

Hakujua. Waliokuwa wanajua mle ndani tulikuwa mimi na Sekela tu. Sekela alivaa miwani, akasogea mpaka ukutani, akaangalia kwa muda mrefu. Alifuatisha mahesabu kwa kidole, moja baada ya jingine, kama anavyofanya siku zote.

"Ni sahihi," alisema. "Utoe."

Nilimfuata Mudathir kwenye korido nikamweleza. Alijishika kichwa. Akaenda kwa Sekela kuomba radhi, nami nilikuwa mlangoni nikasikia alivyojibiwa: "Ungefanyaje, baba? Usingesema ungekuwa umefanya kosa." Kisha akamwambia aende akale.

Jumamosi Sekela alinipigia simu. "Nisindikize nyumbani kwangu. Nataka kumwambia Fredrick, siwezi peke yangu."

Tulimkuta kwenye meza ya chakula anasahihisha mitihani. Amekonda siku hizi, nywele nyeupe tupu. Alinikaribisha vizuri, "Karibu shemeji, umepotea," akaondoa karatasi ili nipate pa kuweka mkoba. Sekela hakukaa.

"Baba Bupe, ule mstari umetolewa."

"Mstari gani?"

"Ule wa mwisho. Wamepata vipimo vingine. Hauhitajiki. Haukuhitajika hata wakati ule. Nukta za jirani zingetosha karibu sawasawa."

Fredrick aliweka kalamu chini. "Umejua lini?"

"Jumanne."

"Na leo ni Jumamosi."

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Akanigeukia mimi, mchora ramani. "Ni kweli, shemeji?"

"Ni kweli, shemeji."

Nje kulikuwa na watu wanachimba msingi wa nyumba ya jirani, tukawa tunasikiliza masululu yao. Kisha akaanza kuongea taratibu, akitazama karatasi za wanafunzi.

"Kila mwaka kidato cha tatu nilikuwaga nachora ubaoni. Pwani, mteremko, maili mia mbili, halafu ule mstari wa nje. Halafu naweka nukta moja kubwa kuliko zingine. Wananiuliza, mwalimu, kwa nini hiyo kubwa? Nawaambia hapa ndipo nchi yenu inapofika mbali kabisa. Basi, sisemi zaidi. Mie nilikuwa najiambia, haya, mtoto hayupo, lakini angalau. Angalau kuna kitu."

"Ningerudi," alisema Sekela. "Ningejua ningerudi, baba Bupe. Ningemwambia mzee ageuze palepale."

"Najua."

"Ningemkuta hai."

"Hata hilo hatulijui," alisema Fredrick. "Siku mbili za safari. Hatujui."

Hapo ndipo Sekela alipolia. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata msibani. Alilia kwa sauti, kwa Kinyakyusa, akimtaja mwanaye, huku akijipiga mapaja. Nilisimama niende kumshika, lakini Fredrick alikuwa ameshanyanyuka. Hakumkumbatia. Alikaa chini sakafuni karibu na miguu yake, mtu mzima yule na magoti yake mabovu, akaegemeza kichwa kwenye ukuta na kufumba macho. Nilichukua mkoba wangu nikatoka taratibu, nikapita mahali wanapochimba msingi, nikaenda barabarani.

Jumatatu alikuja kazini kwa wakati, amevaa miwani ya jua hata ndani. Mudathir alisimama alipomwona. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliitikia. Akafungua kompyuta yake, akamwomba amletee vipimo vya upande wa kusini.