Ukumbi Ulionikalia Kimya

Mimi ni kipofu wa kuzaliwa, na nina mdomo. Nayasema haya mapema ili msije mkanihurumia bure.

Tulipoanza kuandaa tamasha la pili la wasanii wenye ulemavu hapa Mwanza, wenzetu viziwi walikuwa wametususa. Tamasha la kwanza tuliwakalisha nyuma kabisa, bila mkalimani, wakaondoka hata kabla ya chakula. Bila wao tusingekuwa na wacheza ngoma, wala haki ya kujiita umoja. Kwenye kikao cha Mabatini nikasimama na kutoa hotuba ndefu: safari hii hakuna kupiga makofi. Tutapongezana kwa desturi yao, mikono juu, viganja vikitikiswa. Viziwi wakakubali kurudi. Wiki nzima nilitembea kifua mbele, utadhani nimesuluhisha vita.

Siku yenyewe, ukumbini Nyegezi, nikaghani shairi kuhusu mama yangu anayeuza dagaa Nansio. Nilikuwa nimelihangaikia miezi mitatu. Nikamaliza, nikainama, nikangoja.

Kimya. Hata wa kukohoa hakuna.

Nikangoja tena. Jasho likanitoka, kisha hasira zikanipanda. Nikaivuta maiki.

"Asanteni sana kwa ukarimu wenu! Kumbe nimekuja kughania magunia ya mihogo. Kama mashairi hamyawezi, semeni tuwaletee disko!"

Pembeni yangu nikasikia mikono ya shati la mkalimani ikichakarika. Alikuwa akiwatafsiria viziwi kila neno, pamoja na magunia.

"Kaka," akaninong'oneza, "wamenyoosha mikono tangu ulipomaliza. Ukumbi mzima. Si wewe uliyewaambia?"

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Ilikuwa ya zege. Nikajua nimewafukuza watu wale kwa mara ya pili, tena safari hii kwa kipaza sauti.

Hatua zikapanda jukwaani. Mkalimani akasema ni mwenyekiti wa viziwi, yule mama mcheza ngoma. Nikakaza shavu, nikisubiri kibao.

Akanishika viganja, akavizungushia kwenye vifundo vya mikono yake, akaiinua mikono yote minne juu. Akaanza kuitikisa. Alitikisa mpaka mabega yakaniuma.

"Na wengine?" nikauliza.

"Bado wananyoosha," akasema mkalimani.

Nikalia kwa sauti, na maiki ilikuwa bado wazi.