Mama Supu na Bakteria Wasioachana

Saa moja asubuhi, Mama Supu anatoa chupa za moto kwenye jiko la mvuke la maabara na kuzikagua mwangani. "Mpishi gani mwingine wateja wake hawajawahi kulalamikia chumvi?" anatamba.

Wateja wake ni bakteria. Huwachemshia supu, kisha kila asubuhi huhamisha tone la chupa ya jana kwenye chupa mpya. Ndani ya tone hilo wamo bakteria wa aina mbili, walioishi pamoja miaka mingi.

Mwaka jana aliambiwa awatenganishe, kila aina na chupa yake. Kesho yake asubuhi chupa moja ilikuwa na ukungu wa bakteria walioota; nyingine ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Humo hakikuota kitu.

"Nilijua nimewaua. Nikalia, jamani! Na nyumbani wifi yangu alikuwa amefungasha begi, aondoke kesho yake jioni."

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, anaishi kwake na ndiye anayempikia tangu msiba. Majirani walikuwa wakimsema wifi kwa kula mshahara wa Mama Supu: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mtafiti mkuu hakugomba. Aliwarudishia walioshindwa kuota wenzao, na kesho yake chupa ikajaa ukungu.

"Aina moja hutengeneza kirutubisho hadi kinavuja nje," mtafiti anaeleza. "Ya pili nayo ilijitengenezea zamani. Wakazaliwa wachache wasioweza, lakini cha jirani kipo, hawakukosa kitu. Nguvu waliyookoa wakaitumia kuzaliana, wakawafunika wenzao waliojitengenezea. Leo ukiwatenga, hawaoti."

"Nikamwambia, hao ni mimi na wifi!" anacheka Mama Supu. "Nilikuwa najua kupika, wallahi. Siku hizi hata chai naiunguza."

Jioni ile alimkuta wifi amekaa juu ya begi. Akamsimulia habari ya chupa mbili, akamwambia waziwazi: "Ukiondoka, mimi siishi. Majirani hawanipikii."

"Nilidhani mimi ni mzigo tu," anasema wifi mtu, akifuta macho kwa kanga. "Mungu ampe heri aliyewafuga wadudu wale."

Mwakani Mama Supu anastaafu. Wanataka kufungua mgahawa, wifi jikoni, yeye akiosha vyombo.

"Sufuria haigusi!" wifi anaonya.

Na lile begi? Liko pale pale jikoni, limejaa vitunguu.